Karibu Kiti

Niliuziwa kwa dola sitini,
mtaa wa juu kabisa hapa Duluth,
ambako barabara zimesimama kama ngazi
na Januari hata pumzi huganda kwenye masharubu.
Bi Solveig Aakre alinishikia mlango kwa kisigino.
"Kimetoka Uswidi," alisema, "mwaka sitini na tatu.
Ngozi ni ya fahali. Usikiweke karibu na hita, kitapasuka."
Hakusema kilikuwa cha nani.

Mbao sikuhitaji kuambiwa.
Msaji naujua: Longuza, nyuma ya Muheza,
umepandwa kwa mistari kama wanafunzi gwaridani,
na baba alirudi kila jioni ana vumbi lake kwenye kope.
Nikapitisha kidole gumba mguuni mwa kiti.
Na wewe umefikaje huku?

Mimi na binti yangu Salha tulikifunga kamba
juu ya sleji yake ya plastiki.
Kikateremka mlima miguu juu,
kama mbuzi apelekwaye asikotaka,
na ziwa lote jeupe likitutazama.

Ngozi.
Lugha yangu haitenganishi
hii iliyonivaa mimi na ile iliyokivaa kiti.
Ngozi ivute ili maji, walisema;
hii ilivutwa zamani, ikakubali, ikakauka
ikiwa na umbo la mtu nisiyemjua:
bega la kushoto limezama zaidi,
mkono wa kulia umeng'aa kwa weusi
pale alipozoea kusugua kidole akifikiri,
au akikataa kufikiri.
Chini ya mto nikaokota kipande cha penseli,
sarafu moja ya krona,
na betri ya masikio, ndogo kama dengu.

Nilipokaa, nilikaa ndani ya mtu.
Kwetu mwenye pepo naye huitwa kiti.
Nilikumbuka hilo usiku wa tatu,
nikainuka, nikahamia jikoni kwenye stuli.

Wiki ya pili, Jumapili, theluji ya magoti,
kengele ikalia. Bi Solveig,
kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
mkebe wa biskuti kifuani.
Nikadhani anataka kukirudisha kwake;
nikaanza kuzitafuta kichwani zile dola sitini
ambazo kwangu hazikuwa zimerudi kamwe, zilikuwa zake.
"Hapana," akasema. "Nataka kukikalia.
Miaka arobaini na mmoja nimekipaka nta kila Jumamosi.
Hakunikataza. Einar hakuwahi kunikataza.
Ila hakuwahi kunyanyuka."

Niseme nini? Mdomo ulinitangulia:
karibu kiti.
Salha akatafsiri, ingawa haja haikuwepo.

Alikaa kwanza ukingoni, kama mgonjwa asubiriye kuitwa.
Kisha akajiachia nyuma.
Viatu vyake vikaiacha sakafu.
Ngozi ikalia, kwii,
kama inayouliza: nani huyu, mwepesi hivi?

Tukangoja. Birika likachemka, likanyamaza.
Nje gari la kusukuma theluji lilipita,
taa yake ya manjano ikatuzunguka ukutani
sote watatu, na kiti.
Akafumba macho. Akayafumbua.
"Kumbe kinaumiza mgongo!"
Kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko yeye,
hadi akajifuta machozi kwa ncha ya skafu,
na kicheko kilipokwisha
bado aliendelea kujifuta.

Chai tulinywea jikoni, kwenye stuli.
Akaniuliza Muheza iko wapi.
Nikamchorea kwa penseli ya Einar
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.

Jumatatu nilimkuta Salha amekilalia kimshazari,
visigino juu ya ule mkono uliong'aa,
anatafuna biskuti, makombo kila mahali.
Nilifungua kinywa nimgombeze.
Nikakifunga,
nikaenda kutafuta nta.